Nani Anazizima Draivu za Notburga

Notburga Kapinga ni mshonaji wa Mapera, milimani Mbinga. Ukifika pale ukamuuliza mtu yeyote kati ya kanisa na mashine ya kusaga, atakuonyesha nyumba yake bila kufikiri mara mbili: ile yenye masweta ya shule yaliyotundikwa barazani kuanzia Desemba hadi Februari. Huku juu kuna baridi, mtoto haendi darasani bila sweta, na sweta halihesabiki kuwa la shule mpaka liwe na nembo kifuani. Nembo hizo ndizo kazi yake.

Ushonaji aliusomea kwa masista akiwa binti wa miaka kumi na saba. Wenzake walijifunza kushona wakaridhika. Yeye alijifunza kushona akabaki na kero moja: hakuelewa uzi wa chini unaukamataje uzi wa juu. Alipouliza, aliambiwa afuate mstari, hayo mengine ni ya mashine. Basi Jumamosi moja, wenzake wakiwa shambani kuchuma kahawa, alifungua bamba la chuma chini ya sindano akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula cha jioni, hadi alipoiona ndoana ikiuchukua uzi wa juu na kuuzungusha kwenye bobini. Alipewa adhabu ya kupalilia bustani wiki nzima. Alipalilia huku anatabasamu peke yake, na msimamizi akaandika kwamba binti huyu hana majuto.

Sasa ana miaka hamsini na minane na tabia haijabadilika. Mumewe, Urban, ni mkulima wa kahawa na mahindi, mtu wa maneno machache, anayelima ngolo zake, yale mashimo ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kwenye mteremko na hasumbuliwi na kitu ambacho hakijaharibika. Mara ngapi amemwambia, "Mama Sebastian, kitu kikifanya kazi kiache kifanye." Notburga humwitikia vizuri, kisha anaendelea na bisibisi yake.

Sista Lidia, mmoja wa masista wa hapa, alipohamishwa kituo, aliacha cherehani ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, akamkabidhi Notburga pamoja na kompyuta yenyewe. Ilikuwa kompyuta ya mezani, nzito, ya zamani hata siku ile ilipokuja, rangi yake ya kijivu imeshageuka ikafanana na chai ya maziwa. Programu ya kudarizi ilikuwa kwenye sidii, na ilikuwa na masharti: haifunguki mpaka sidii yake iwe ndani ya draivu. Kompyuta ilikuwa na draivu mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikaa sidii ya programu. Ya chini Notburga aliitumia kuhifadhi nakala za nembo, kila shule na sidii yake. Sebastian, mwanawe anayefanya kazi Songea, aliwahi kumshauri achukue laptop. Akamuuliza sidii ataiweka wapi. Sebastian akaitazama laptop yake pande zote nne, asione droo, akairudisha begini.

Miaka ilikwenda hivyo bila tatizo. Tatizo lilianza wiki ya pili ya Desemba iliyopita.

Mvua zilikuwa zimeshika, na radi za huku hazina utani. Ikisikika ngurumo ya kwanza, kila mwenye redio anakimbilia plagi. Notburga alichomoa waya wa kompyuta ukutani, akafunika mashine kwa kitenge, akaenda zake jikoni. Kesho yake alichomeka, akawasha, akaweka sidii kwenye droo ya juu. Programu ikaandika kwamba inaomba sidii yake. Sidii ilikuwa ndani. Akaitoa, akaifuta kwa pindo la khanga, akairudisha. Jibu lile lile. Akaihamishia droo ya chini. Jibu lile lile.

Alipofungua orodha inayoonyesha vitu vilivyomo kwenye kompyuta, aliiona diski kubwa ya ndani peke yake. Zile draivu mbili, ambazo siku zote zilikaa pale kila moja na herufi yake, hazikuwepo. Hazikuandikwa kuwa ni mbovu. Hazikuandikwa kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzifunga ndani ya lile boksi.

Alibonyeza kitufe cha droo ya juu. Droo ikatoka taratibu kama kawaida yake, taa ndogo ya kijani ikawaka, ikarudi ndani. Ya chini nayo hivyo hivyo.

"Zipo hai," alimwambia Urban aliyekuwa anapita na ndoo. "Zinapata umeme. Ila yeye anasema hazioni."

"Nani?"

"Kompyuta."

Urban akatazama lile boksi, akatazama ndoo yake, akaendelea na safari.

Wakati ule fundi Aidan bado alikuwa na kibanda chake Mbinga mjini. Alikuja siku ya tatu, akalifungua boksi, akapuliza vumbi, akabadilisha ule waya mpana kama utepe unaoziunganisha draivu zote mbili na ubao mkubwa wa ndani. Akatoa pia betri ndogo ya duara iliyokuwa imebanwa kwenye ubao, saizi ya sarafu, akaweka mpya kutoka kwenye kiboksi chake. Mwisho akawasha, akagusagusa vitufe, na draivu zikarudi.

"Ilikuwa waya," alisema. "Umezeeka."

Notburga alifanya kazi siku tano bila shida. Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka: sekondari mpya ya kata ilikuwa inafungua kidato cha kwanza Januari, na Mwalimu Loveth, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alikuwa ameagiza masweta mia moja na arobaini. Nembo ilikuwa mpya, tawi la mbuni na kitabu kilichofunguliwa, na Notburga aliichora mwenyewe kwenye programu mpaka mbuni ukawa na matunda mekundu yanayoonekana kwa mbali. Aliihifadhi Ijumaa jioni. Usiku radi ikapiga. Alikuwa ameshachomoa waya. Jumamosi asubuhi draivu hazikuwepo.

Safari hii Aidan hakupatikana Mbinga. Alikuwa ameteremka ziwani, Mbamba Bay, kwao mkewe, na huko alikuwa anatengeneza simu na taa za sola wanazotumia wavuvi wa dagaa. Kwenye simu alisema aletewe boksi, kwa sababu yeye hapandi mlimani kabla ya mwezi wa pili.

Watu walikuwa na maoni yao. Jirani yake Tadea, mwoka keki za harusi, alisema ni radi, imeunguza kitu ndani hata kama waya ulichomolewa, kwani radi hupita hata hewani. Urban alisema ni panya. Notburga hakumbishia mtu. Alifungua boksi, akamulika kwa tochi ya simu, akatafuta alama ya moto, kinyesi cha panya, waya uliotafunwa. Hakuona kimoja. Akachukua daftari la shule lenye kurasa mia, akaandika: Radi, sijui. Panya, hapana. Waya ni mpya. Betri ni mpya. Droo zinafunguka.

Kisha akalifunga lile boksi kwa blanketi, akalipakata kwenye bodaboda mpaka Mbinga, na kutoka hapo akapanda basi la ziwani. Alikuwa hajateremka huko tangu Sebastian akiwa mdogo, enzi barabara ilipokuwa ya udongo na mtu anafika akiwa amebadilika rangi. Sasa ni lami mwanzo mpaka mwisho. Basi liliteremka kona baada ya kona, joto likaongezeka, watu wakaanza kuvua masweta, na mara ziwa likajitokeza chini, pana kuliko alivyokuwa anakumbuka. Aliangalia kidogo, akarudi kushika boksi lisigonge kiti.

Kibanda cha Aidan kilikuwa juu kidogo ya mahali mitumbwi inapoegeshwa. Aidan alitoka mbio kumpokea.

"Shikamoo mama. Umelibeba mwenyewe?"

"Marahaba. Nimelipakata kama mtoto. Zimepotea tena."

Aidan aliwasha. Draivu hazikuwepo. Akazima, akafungua, akachomoa ule waya mpana, akasafisha meno yake kwa pamba yenye spiriti, akaurudisha. Akahamisha plagi ya umeme ya draivu, akaweka nyingine iliyokuwa inaning'inia bure. Akawasha, na kabla picha ya kawaida haijatokea akabonyeza kitufe fulani, kioo kikageuka bluu chenye mistari ya maandishi meupe. Akashuka mistari kadhaa, akabadilisha kitu, akatoka. Kompyuta ikawaka, na draivu zikawa pale, zote mbili.

"Imepona," alisema.

"Asante, mwanangu. Sasa niambie, ni lipi?"

"Lipi nini, mama?"

"Umefanya mambo matatu. Umesafisha waya, umehamisha plagi, halafu umeandika kwenye kile kioo cha bluu. Lililoponya ni lipi?"

Aidan alicheka kwa heshima. "Mama, zinaonekana. Unataka nini tena?"

"Cherehani ikiruka mshono, nikibadilisha sindano na uzi kwa pamoja, sitajua kilichokuwa kibovu. Nitatupa sindano nzima bure." Alisogeza kiti. "Nionyeshe kile kioo."

Aidan alikuwa na wateja wawili wanasubiri, lakini aliona huyu mama hataondoka. Akaiwasha upya, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza na wakati wa kukibonyeza, akashuka mpaka mstari wa kumi na moja. Hiyo, alisema, ni njia ambayo draivu zinapita. Kwenye kompyuta hii kiwanda kiliiacha ikiwa imefungwa, na yule aliyewatengenezea masista ndiye aliyeifungua. Alipofika kwenye mstari huo sasa hivi aliikuta imefungwa, akaifungua.

"Na kule Mapera uliikuta imefungwa?"

Aidan alifikiri. "Nadhani, ndiyo. Niliifungua kwa mazoea tu."

"Nani aliifunga?"

"Inajifunga yenyewe wakati mwingine."

"Kwa nini?"

"Kwa kawaida ningesema betri, ile ya duara. Hiyo ndiyo inaitunzia kumbukumbu. Lakini betri niliweka mpya kwa mkono wangu. Ulikuwepo."

Notburga aliandika yote hayo kwenye daftari, pamoja na namba ya mstari. Aidan akamfungia dagaa kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka kwenye basi.

Alifika Mapera kesho yake mchana, akaunganisha kila kitu, akawasha. Draivu hazikuwepo.

Urban alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alimtazama mkewe akitarajia kuona hasira, kwa sababu mwendo ule wote ulikuwa umekwenda bure. Hakuona hasira. Alimwona ameinamia kioo na kidevu kiganjani, kama mtu anayesomewa barua.

"Zimegoma?"

"Zimegoma," alisema Notburga, na sauti yake ilikuwa karibu ya furaha.

"Ni mtikisiko wa safari."

"Toka Mbamba Bay mpaka Mbinga ni lami. Na toka Mbinga mpaka hapa nimelipakata juu ya blanketi." Alizima, akawasha tena, na kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili kioo kikageuka bluu. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Wa kumi na moja: umefungwa. Hakugusa waya, hakugusa plagi. Aliufungua huo mstari tu, akahifadhi, akatoka. Draivu zikatokea.

Basi lilikuwa hilo moja kati ya yale matatu. Aliandika.

"Sasa umejua kuitengeneza," alisema Urban. "Ikifunga, unafungua. Umemaliza."

"Najua kuifungua. Sijui inafungwa na nani."

Urban alirudi kwenye maharage.

Alipofungua programu ili aendelee na nembo ya sekondari, alikutana na jambo jingine. Faili zake zimepangwa kwa tarehe, mpya juu, za zamani chini, na ile nembo aliyoichora siku chache zilizopita haikuwa juu. Alishuka na orodha nzima, akazipita nembo za mwaka jana, za mwaka juzi, za mwaka ule Sista Lidia alipoondoka, mpaka mwisho kabisa. Ilikuwa huko, ya mwisho chini. Imeandikwa kwamba ilichorwa Januari mwaka 2004.

Notburga aliangalia saa ndogo kwenye kona ya kioo. Nayo ilisema Januari 2004, tarehe mosi, asubuhi. Miaka yote hakuwahi kuitazama. Saa yake yeye ni ya ukutani, na kabla ya hapo ni kengele ya kanisa.

Alirekebisha tarehe, akaweka saa sawa na ya ukutani, kisha akafanya kitu ambacho Urban alikieleza baadaye kwa watu kama ushahidi wa anayoyaona katika ndoa yake. Aliacha kazi. Masweta mia moja na arobaini yakiwa yanasubiri, alianza kuizima na kuiwasha kompyuta.

Siku ya kwanza aliizima kwa kitufe chake cha mbele, akaiacha imechomekwa ukutani mchana kutwa. Alipowasha, draivu zilikuwepo na saa ilikuwa sahihi. Siku ya pili alirudia vile vile, na matokeo yakawa yale yale. Siku ya tatu palikuwa na anga safi, hakuna hata wingu moja upande wa Matiri. Aliizima, kisha akachomoa waya ukutani, akaenda kuchota maji, akafua, akapika, akarudi alasiri. Alichomeka, akawasha. Draivu hazikuwepo. Saa ilisema Januari mosi 2004.

Hakuna radi iliyopiga siku ile.

Alilifungua daftari akaliandika hilo. Kumbe siku zote walikuwa wanailaumu radi, na radi haikuhusika. Kilichohusika ni mkono wake mwenyewe, unaochomoa waya radi ikinguruma. Na safari ya Mbamba Bay, kwenda na kurudi, boksi lilikuwa halijachomekwa popote. Likiwa ukutani, hata likizimwa, bila shaka kuna umeme kidogo unaoingia na kulifanya likumbuke. Likichomolewa, linasahau. Na linasahau vitu viwili kwa pamoja, tarehe na mstari wa kumi na moja, maana yake vinatunzwa mahali pamoja. Aidan alishasema vinatunzwa na nini.

Lakini betri ilikuwa mpya. Aidan aliitoa kwenye karatasi yake ya kiwandani, ikiwa inang'aa.

Notburga alifungua boksi, akaibandua ile betri kwa ukucha, akayasoma maandishi yake. Aliona namba ambayo alikuwa na hakika ameiona mahali pengine. Alizunguka nayo nyumba nzima: saa ya ukutani inatumia betri za vijiti, tochi hali kadhalika, redio pia. Aliikumbuka akiwa ameshika mlango wa nje. Alivuka ua mpaka kwa Tadea.

Tadea alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Dada, ule mzani wako mdogo wa keki unatumia betri gani?"

"Ya duara. Ya nini?"

"Niazime mzani."

"Nakanda, dada."

"Dakika moja tu."

Tadea alimsogezea mzani kwa kiwiko. Ulikuwa unawaka, umeandika sifuri. Notburga aliugeuza, akatoa betri iliyokuwemo, akaweka ile ya Aidan. Mzani haukuwaka. Akaigeuza betri, akaisugua kwenye kitenge, akaibana vizuri. Kioo cha mzani kilibaki cheupe.

"Umeniharibia mzani," alisema Tadea.

Notburga alirudisha betri ya Tadea. Mzani ukaandika sifuri. Akatoa, akaweka ya Aidan, kimya. Alirudia mara nne, na Tadea mwenyewe aliacha kukanda akaja kusimama nyuma yake.

"Hii imekufa," alisema Notburga. "Ilikuja ikiwa imekufa."

"Si umesema ni mpya?"

"Ni mpya. Haijawahi kutumika siku hata moja. Sijui ilikaa dukani miaka mingapi."

Alisimama pale jikoni kwa mwenzake na betri kiganjani, na Tadea anasema hajawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile kwa sababu ya kitu kibovu. Kisha akaomba kuiazima betri ya mzani mpaka Jumatatu. Tadea alikataa, kwani Jumamosi ana harusi. Wakakubaliana aichukue Jumamosi jioni, keki ikishatoka.

Jumamosi jioni aliiweka kwenye ubao, akafungua mstari wa kumi na moja, akaweka tarehe, akazima, akachomoa waya. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akabaki kwenye kikao cha jumuiya, akapita kumwona mgonjwa, kwa makusudi asifike nyumbani mapema. Urban anasema kwenye misa alimwona akiangalia saa ya mkononi ya mtu wa mbele. Walirudi pamoja saa nane. Notburga alichomeka, akawasha, akakaa na mikono mapajani.

Draivu zilikuwepo, ya juu na ya chini, kila moja na herufi yake. Saa kwenye kona ilitofautiana na ya ukutani kwa dakika moja.

"Sasa?" aliuliza Urban.

"Sasa nitadarizi."

Jumatatu Sebastian alituma betri mbili kutoka Songea kwa mtu wa basi, na Notburga alizipitisha kwanza kwenye mzani wa Tadea kabla hajazigusisha na kompyuta. Akafanya kazi kwa siku kumi na mbili mfululizo. Radi ziliendelea kupiga na yeye aliendelea kuchomoa waya, na kila asubuhi draivu zilikuwa mahali pake. Mwalimu Loveth alipofika kuchukua masweta, shule ilikuwa imeshafunguliwa siku mbili, na Notburga alimwomba radhi, akamweleza sababu ya kuchelewa tangu mwanzo mpaka mwisho, na daftari mkononi.

Mwalimu Loveth alilichukua lile daftari akalisoma amesimama. Alipofika kwenye siku ya anga safi aliketi.

"Hii siku ya tatu," alisema, "kwa nini ulichagua siku isiyo na mawingu?"

"Kwa sababu kila nilipochomoa waya hapa nyumbani, radi ilikuwepo. Nisingeweza kujua ni nani kati yao. Ilibidi mmoja asiwepo."

"Bukoba nilifundisha hilo kidato cha pili muhula mzima," alisema Mwalimu Loveth, "na wengi walitoka hawajalishika." Akaomba kuzipiga picha kurasa mbili. Notburga aliona haya kwa sababu ya mwandiko wake, lakini hakukataa.

Mwezi wa pili Aidan alipanda mlimani kama alivyosema, akapita Mapera kusalimia. Notburga alikuwa ameshamweleza kwenye simu kuhusu betri, naye kwenye simu aliitikia tu, ndiyo mama, sawa mama. Sasa alitoa begani begi lake la kazi, akaweka mezani kile kiboksi cha betri. Zilikuwa zimebaki kumi na moja, kwenye karatasi ile ile ya kiwandani.

"Naomba huo mzani," alisema.

Tadea aliuleta mwenyewe. Aidan alitoa betri moja moja, akaiweka, akageuza mzani, akasubiri. Nne ziliwaka. Saba hazikuwaka. Alizipanga saba upande mmoja wa meza, lakini ilionekana wazi kwamba mawazo yake hayako kwenye zile saba.

"Karatasi ilikuwa na ishirini," alisema mwishowe. "Tisa nimeshawawekea watu. Moja kati ya hizo ni hii ya kwako. Nilikuwa nikiweka betri mpya na kitu hakifanyi kazi, najua betri si tatizo, naendelea mbele. Kuna watu nimewaambia vitu vyao vimekufa."

"Si kosa lako kuuziwa," alisema Notburga.

"Si kosa langu kuuziwa. Lakini sikuipima hata moja." Alikuna kichwa. "Kuna rimoti ya gari, niliwaambia watafute nyingine. Kuna kipimajoto cha mama mmoja Litumbandyosi. Na saa ya mzee."

Notburga alilifungua daftari ukurasa wa nyuma, ambao ulikuwa mtupu, akampa na kalamu. Aidan aliandika majina, mengine kwa haraka, mengine baada ya kutazama darini. Alipata saba. La nane hakulikumbuka, isipokuwa kwamba alikuwa dada mwenye miwani aliyekuja siku ya mnada. Akachana ule ukurasa, akaukunja, kisha akaukunjua tena, akatoa simu yake akapiga pale pale barazani, chini ya kamba ambayo siku hizi haina masweta mengi.

"Shikamoo mzee Nazari. Ni Aidan, fundi. Ile saa yako ya mkononi, niliyokurudishia mwaka jana, unayo bado?"

Alisikiliza. Notburga, aliyekuwa anamimina chai, aliona uso wa kijana ukitulia.

"Usiitupe, mzee," alisema Aidan. "Nitapita kesho asubuhi. Naomba uitoe kwenye sanduku uiweke juani kidogo, iwe kavu. Haijazeeka. Nilikosea mimi."